Zombi wako anasinzia saa ngapi?

Swali: "Naandika riwaya ya mazombi. Chanzo ni ugonjwa wa ubongo unaoambukizwa kwa kung'atwa. Manusura sita wamejificha ghorofa ya juu ya jengo lenye ngazi moja, na chini ya ngazi kuna mazombi arobaini. Nilitaka wasilale kabisa, usiku na mchana, ili manusura wasipate hata nafasi ya kuhema. Rafiki aliyesoma rasimu akaniuliza: hawa wanatembea, wanasikia, wanakula, iweje wasilale? Nikakosa jibu. Je, kisayansi zombi angehitaji usingizi? Na kama angeuhitaji, nitauandikaje bila kuua hofu?"

Jibu:

Ndugu mwandishi,

Rafiki yako amekushika pabaya, lakini amekufanyia hisani. Zombi anayesikia, anayefuata sauti na anayetafuna atalala tu, utake usitake. Huenda asijilaze, asifumbe macho wala asikorome, lakini atalala. Na ukiuandika usingizi wake jinsi unavyokuwa hasa, utatisha kuliko huo mkesha uliokusudia.

Kwanza tuondoe dhana ambayo karibu kila mtu anayo, kwamba tunalala kwa sababu mwili umechoka. Misuli haidai usingizi. Inadai kupumzishwa, na ukikaa kitini macho makavu inapumzika vizuri tu. Moyo hudunda miaka sabini bila kulala hata dakika moja. Wala si suala la kubana matumizi ya nishati. Mtu aliyelala usiku kucha anaokoa kalori mia na kitu tu, ukimlinganisha na mwenzake aliyejinyoosha kitandani akiwa macho. Hakuna mnyama ambaye angekubali kuzimika saa nyingi, adui wakimnyemelea, kwa faida ndogo namna hiyo. Anayedai usingizi ni ubongo, au niseme seli za neva popote zilipo. Kwa hiyo ubishi wa kama zombi amekufa au yu hai hautakusaidia sana. Jiulize ana neva zipi zinazofanya kazi. Usingizi utakuja wenyewe.

"Lakini huyu ni maiti," utaniambia. Haya. Maiti ina tabia moja ambayo waandishi wa mazombi huiruka: hukakamaa. Saa chache baada ya kifo taya hukaza, shingo ikafuata, kisha viungo vyote, na mwili hubaki hivyo siku moja, mbili au zaidi kabla ya kulegea. Sababu ni ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Wengi hudhani msuli hutumia nishati kujikaza tu, kumbe hata kuachia ni kwa nishati. ATP ikiisha, nyuzi za msuli hunasana, zisiachane mpaka zianze kuoza. Basi zombi anayenyanyua mguu na kuushusha anatengeneza ATP, hata kama hukutuambia anaitengeneza kwa njia gani. Na ubongo ukitumia ATP, mabaki yake mojawapo ni adenosini. Hiyo adenosini hulimbikizana tangu unapoamka, na ndiyo inayozifanya kope ziwe nzito ikifika usiku. Kahawa haiiondoi, inaziba tu mahali pa kujishikiza kwake, ndiyo maana kahawa ikiisha nguvu deni linakurudia zima zima. Zombi anayepanda ngazi yako anajipandishia deni hilo hilo.

Njia ya kukwepa yote haya ipo moja, nayo ni uchawi. Zombi wa asili, yule wa Haiti, hana virusi wala hang'ati mtu. Ni marehemu aliyetolewa kaburini na mchawi ili amfanyie kazi bila ujira na bila kupumzika. Simulizi hizo zilikomaa katika nchi ambayo, ilipokuwa koloni la Ufaransa likiitwa Saint-Domingue, watumwa walivuna miwa mchana, na vinu vya sukari vilisaga hadi usiku wa manane. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa ndiyo likizo ya pekee. Kinachotisha kwa zombi huyo si meno yake. Kinachotisha ni kuwa yeye: kufa, kisha uamshwe uendelee na zamu. Husimuliwa kwamba akionjeshwa chumvi hutanabahi kuwa amekufa, akashika njia kurudi kaburini. Zombi wa namna hiyo halali kwa sababu kuna mtu amemwibia usingizi, na hakuna msomaji atakayeuliza habari za adenosini. Lakini wako hawana bwana. Wana ugonjwa, na ugonjwa hufuata sheria za mwili.

Sasa pengine utajitetea kwamba ugonjwa wako umekula ubongo wote wa juu, umebaki ule wa chini wa kuendesha miguu na taya. Hapo nitakuletea kuku. Septemba 1945, huko Fruita, Colorado, mkulima mmoja alimkata kichwa jogoo ambaye baadaye alipewa jina la Mike. Shoka lilipita juu mno, likaacha sehemu kubwa ya shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo. Mike aliishi miezi kumi na minane bila kichwa, akilishwa kwa kidondoshi moja kwa moja kwenye umio, akatembezwa kwenye maonyesho mpaka alipokufa Machi 1947. Katika masimulizi yake yote, ninalolipenda ni la asubuhi ya kwanza: inasemekana mkulima yule alimkuta amelala, kishina cha shingo amekichomeka chini ya bawa. Kichwa hakipo, ila mazoea ya kukificha yapo.

Kwa paka jambo hilo lilithibitishwa maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Michel Jouvet, mtafiti wa Lyon, aliona kwamba paka walioondolewa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, bado waliingia katika ule usingizi ambao kwa binadamu ndoto nyingi hutokea. Mtambo wake uko chini kabisa, kwenye shina la ubongo, jirani na vituo vya kupumua. Maana yake ni kwamba sehemu ile ile unayoihitaji ibaki ili zombi wako asimame na kutembea ndiyo inayobeba usingizi. Huwezi kubakiza moja ukatupa nyingine.

Na hapo kuna zawadi kwako. Katika usingizi wa ndoto, misuli karibu yote hulegezwa kwa makusudi. Macho yanahangaika chini ya kope, pumzi inaendelea, kingine kimefungwa breki. Jouvet alipoharibu eneo dogo linaloshika breki hiyo, paka waliokuwa wamelala waliinuka, wakanyemelea, wakarusha makucha kwa adui asiyekuwepo, huku ubongo ukionyesha dalili zote za usingizi. Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota walieleza ugonjwa kama huo kwa binadamu: watu wazima, wengi wao wanaume wa makamo na wazee, wanaopiga ngumi na kuruka kitandani wakiigiza ndoto zao. Ugonjwa wako ukila breki hiyo, utakuwa na zombi anayewinda akiwa usingizini. Huyo huwezi kumvuta kwa kelele wala kumpoteza kwa ukimya, kwa sababu mawindo yake yako ndani ya kichwa chake. Anayepita karibu ataumia kwa bahati mbaya tu, kama anayepita karibu na mtu anayepalilia bila kutazama nyuma.

Tushuke chini zaidi, tuuondoe hata ubongo wenyewe. Yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza, hana ubongo. Ana mtandao wa neva uliotapakaa mwilini. Mwaka 2017 watafiti wa Caltech, chuo kikuu cha California, walichunguza jamii ya yavuyavu iitwayo Cassiopea, ambao hukaa chini ya maji wamelala chali wakipwitapwita. Mchana hupwita mara 58 hivi kwa dakika, usiku 39. Hilo peke yake si usingizi. Hata mimi nikikaa sebuleni napunguza mwendo. Kwa hiyo waliwapima. Waliwainua kwenye jukwaa dogo kisha wakalivuta ghafla, yavuyavu akabaki anaelea. Mchana aligeuka mara moja kurudi chini. Usiku alichelewa, kama mtu anayeamshwa. Kisha wakawasumbua kwa mkondo wa maji usiku, na mchana uliofuata wakawakuta wamezubaa. Hizo ndizo alama tunazotumia kwa kiumbe chochote: ametulia lakini anaweza kuamka, inahitaji kishindo kikubwa zaidi kumshtua, na ukimnyima usingizi anaufidia baadaye. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima afumbe macho.

(Pono, tuliyemfanya kipimo cha usingizi mzito, ana macho yasiyo na kope. Baadhi ya jamaa zake hujifunika kila usiku kwa utando wa ute wanaoutema wenyewe, wakalala humo kama kwenye chandarua. Waliobuni msemo walikuwa wamemtazama kwa makini.)

Zingatia alama hizo tatu, maana ndizo utakazowapa wahusika wako. Ila kabla ya hapo nikueleze itakuwaje ukishikilia uamuzi wako wa kwanza, wa zombi asiyelala kamwe. Inawezekana, lakini ana siku za kuhesabika.

Miaka ya 1980 Allan Rechtschaffen na wenzake huko Chicago waliweka panya kwenye sahani pana juu ya maji. Kila panya mmoja alipoanza kusinzia, sahani ilizunguka polepole, naye akalazimika kutembea ili asitumbukie. Pembeni, kwenye sahani hiyo hiyo, kulikuwa na mwenzake aliyetembezwa kiasi kile kile, ila yeye aliweza kulala pale wa kwanza alipokuwa macho. Panya walionyimwa usingizi wote walikufa, wengi katika wiki mbili tatu, wenzao walibaki. Soma jinsi walivyokufa. Walikula zaidi na zaidi, na bado walikonda. Manyoya yalichakaa. Vidonda vilitokea miguuni na mkiani, visipone. Joto la mwili lilishuka.

Njaa isiyoshiba, mwili uliokonda, vidonda visivyopona, ubaridi. Kila ninapofundisha jaribio hilo huwa nasita hapo, kwa sababu nimekwisha kumwona huyu kiumbe kwenye filamu chungu nzima. Hata kwa binadamu mlango wa njia hiyo unaonekana: katika utafiti mmoja wa mwaka 2004, vijana wa kiume waliolala saa nne tu kwa usiku mbili walikuwa na homoni ya njaa zaidi kwa asilimia 28, ile ya shibe imepungua kwa asilimia 18. Kwa hiyo unaweza kugeuza mambo kabisa: ugonjwa wako haukuwaletea mazombi njaa ya nyama, umewaharibia usingizi, na njaa ndiyo matokeo. Upo ugonjwa wa kweli unaoua kwa mlango huo, ule wa kurithi unaosababishwa na prioni, protini zilizokunjamana vibaya, na kushambulia thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Mgonjwa hukosa usingizi, akapoteza fahamu za kawaida, akatembea kama mlevi, akafa kwa wastani wa mwaka na nusu hivi. Nao uharibifu kidogo tu unatosha: wakati wa janga la homa ya ubongo lililoanza mwaka 1916, Constantin von Economo wa Vienna aligundua kwamba wagonjwa wenye madhara sehemu ya mbele ya hipothalamasi, iliyo chini ya thalamasi, walikosa usingizi, na wale wa sehemu ya nyuma walilala bila kuamka. Sehemu hizo zimekaribiana mno.

Ukichukua njia hiyo, manusura wako sita wana hesabu ya kufanya: maji na chakula vitadumu kuliko hao walioko chini? Si hadithi mbaya. Lakini ni hadithi ya kusubiri, na nadhani hukutaka hiyo.

Mimi ningechukua njia ya usingizi wa vipande. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa pengwini wenye mstari mweusi chini ya kidevu, waliovalishwa vipima ubongo wakiwa wanaatamia na maadui wakizungukazunguka. Walikuwa wakisinzia zaidi ya mara 10,000 kwa siku, kila mara kama sekunde nne. Ukijumlisha zinapita saa 11. Ukiwatazama ungeapa kwamba hawakulala kabisa. Kichwa kinainama kidogo, kinainuka.

Sisi nasi tunayo hayo, ila kwetu ni hitilafu. Zamani nikifanya zamu za usiku niliwahi kukuta kwenye jalada maandishi yangu mwenyewe: sentensi imeanza vizuri, ina tarehe na kipimo cha damu, kisha herufi zinarefuka, na mwisho ni mkwaruzo wa kalamu ulioteremka hadi ukingo wa karatasi. Sikukumbuka kulala. Nilikumbuka kuandika. Mwaka 2011 ilionekana kwa panya kwamba hata ubongo ukiwa macho kwa jumla, vikundi vya nyuroni, yaani seli za neva, hujizima kimoja kimoja mnyama akichoka, na kikundi kinachoongoza mkono kikijizima, panya hukosa punje ya sukari aliyokuwa akiinyoshea mkono. Kwa Kiswahili tuna neno la hali hiyo, mang'amung'amu: hujalala, hujaamka.

Mtu anayetembea usingizini ni mfano ule ule katika sura kubwa zaidi. Anatoka katikati ya usingizi mzito, macho wazi na makavu kama ya kioo, anakwepa kiti, anafungua mlango, hajibu akiitwa au anajibu neno lisilo na maana. Sehemu inayoendesha mwili iko macho, inayoamua na kukumbuka imelala. Ukinilazimisha nitaje hali moja ya kweli inayokaribia zombi, ni hiyo. Huenda rafiki yako angeuliza kinyume: si kama mazombi wanahitaji kulala, ila ni lini mara ya mwisho waliamka.

Basi ngazi yako iandike hivi. Mazombi arobaini wamesimama gizani, macho wazi, hakuna anayetikisika. Mhusika mmoja anaangusha funguo ngazi ya nne kutoka juu. Hakuna anayegeuka. Msomaji anashusha pumzi. Kisha kichwa kimoja, cha watatu kutoka ukutani, kinageuka polepole mno, kwa kuchelewa, na kelele zake ndizo zinazomwamsha wa jirani. Hapo hukuhitaji kueleza chochote. Umeonyesha kwamba walikuwa wamelala, na kwamba usingizi wao ni mwepesi kwa mmoja na mzito kwa mwingine. Manusura wenye akili watajaribu kuwakesesha: wagonge bomba la maji usiku kucha kwa zamu, ili kesho wawakute wamezubaa kama wale yavuyavu. Itafanya kazi siku moja. Ila kumbuka panya: ukiwanyima mno, njaa inapanda.

Bado kuna saa. Juu ya mahali neva za macho zinapokutana kuna kikundi cha nyuroni kama 20,000 kinachoendesha saa ya mwili, na mwanga wa mchana ndio unaoirekebisha kila siku. Vimelea vinaipenda saa. Malale, ambayo jina lake hutudanganya, haimwongezei mgonjwa usingizi kwa kadiri inavyouvuruga: analala mchana, anakesha usiku. Kuvu anayemtawala sisimizi fulani wa misituni humpandisha kwenye jani na kumfanya aume mshipa wake, na katika uchunguzi mmoja kuuma huko kulikusanyika karibu na saa sita mchana. Ugonjwa wako nao unaweza kuwa na saa yake. Lakini iweje kama macho ya mazombi yameanza kuharibika? Saa ya mwili isiyoona mwanga haisimami, inateleza. Kwa binadamu mzunguko wake wa ndani ni wastani wa saa 24 na dakika kama kumi, kila mtu na zake. Wasioona kabisa wengi huishi na tatizo hilo: wiki hizi usingizi unawajia usiku, wiki zijazo mchana kweupe.

Kwa hiyo mpe yule mhusika anayependa kuhesabu daftari na penseli. Siku ya tatu atagundua kwamba chini kunatulia tangu saa nane usiku hadi saa kumi, nao watateremka kutafuta maji, wafanikiwe. Waache wafanikiwe hata mara mbili. Baada ya mwezi utulivu ule utakuwa umesogea kwa saa tano kwa wengine, kwa wengine zaidi, kwa wengine haukusogea kabisa, na arobaini wale hawatalala tena pamoja. Yeye bado atakuwa anasoma ukurasa wa siku ya tatu.